Kitambaa katika Adabu ya Chai: Darizi za Japani na Swali kwa Mafundi wa Rusizi

Mgeni anapoingia katika nyumba nyingi za Nyakarenzo, moja kati ya sekta 18 za wilaya ya Rusizi, mambo mawili hutangulia mazungumzo. La kwanza ni chai. La pili ni kitambaa: kile kilichotandikwa mezani, au vile vilivyowekwa kwenye migongo ya viti, vyenye maua yaliyodariziwa kwa nyuzi za rangi. Mwenyeji hukinyoosha kwa kiganja kabla ya kuweka kikombe. Hasemi neno, lakini mgeni ameshaelewa kwamba amepokelewa.

Wilaya hii, ambayo wazee wengi bado huiita Cyangugu, inaijua chai tangu shambani. Kiwanda cha Shagasha kimo ndani ya mipaka yake, na kile cha Gisakura kipo katika wilaya jirani ya Nyamasheke. Zao hilo liliingia Rwanda mwaka 1952, na hadi leo sehemu ya mavuno hupelekwa kwenye mnada wa Mombasa, ambako hupimwa kwa kilo na kupangiwa bei. Kitambaa kinachoandamana na chai hakina mnada. Mara nyingi huhesabiwa kuwa pambo tu, kazi ya kupitishia wakati, na aliyekidarizi hulipwa kwa kadiri hiyo.

Mbali na hapa, nchini Japani, chai na kitambaa vimefungamana kwa zaidi ya karne nne, na uhusiano huo umeihifadhi kazi ya sindano hadi leo. Makala haya yanaeleza vitambaa hivyo ni vipi, vinatumikaje, na ni jambo gani ndani yake linaloweza kumfaa fundi wa Rusizi ambaye kazi ya mikono yake inashindana kila siku na bidhaa za mashine.

Chai inayonywewa kwa utaratibu

Chai ya Japani na chai ya Shagasha hutokana na mmea mmoja. Tofauti iko katika matayarisho. Majani ya hapa husagwa, huachwa yageuke rangi kwa hewa, kisha hukaushwa yakawa meusi. Kwa chai ya unga iitwayo matcha, mkulima wa Kijapani huifunika mimea yake isipate jua kali kwa majuma kadhaa kabla ya kuvuna. Majani huchomwa kwa mvuke yabaki kijani, hukaushwa, huondolewa vijiti, kisha husagwa katika jiwe la kusagia. Jiwe la namna hiyo hutoa takribani gramu 40 tu kwa saa.

Desturi ya kunywa chai ya unga ilitoka China. Mtawa wa Kibudha aitwaye Eisai, aliyerejea Japani mwaka 1191, ndiye anayekumbukwa kwa kuieneza. Lakini aliyeipa sura yake ya kudumu ni Sen no Rikyu, aliyeishi kati ya mwaka 1522 na 1591. Rikyu aliiondoa chai katika kumbi za fahari na kuiingiza katika chumba kidogo chenye kuta za udongo. Badala ya vyombo vya thamani kubwa pekee, alikubali bakuli la kawaida na kijiko cha mwanzi. Mafunzo yake hufupishwa kwa maneno manne: upatanifu, heshima, usafi na utulivu. Vizazi vyake vilianzisha nyumba tatu za mafundisho, Omotesenke, Urasenke na Mushakojisenke, ambazo zote zingali hai mjini Kyoto.

Katika chumba hicho, kila tendo lina mahali pake. Wageni huvua pete na saa zisije zikakwaruza vyombo. Maji huchotwa kwa kipimo, bakuli hugeuzwa kabla ya kunywewa, na kimya huheshimiwa kama mazungumzo. Hapo ndipo vitambaa hupata kazi.

Kila kitambaa na kazi yake

Msomaji anaweza kudhani kwamba kitambaa muhimu kuliko vyote katika chai ya Japani ni kile kilichopambwa zaidi. Mambo ni kinyume. Kinachopangusa bakuli huitwa chakin, nacho ni kipande cheupe cha kitani kisicho na ua wala mshono wa urembo. Kinachosafishia chombo cha unga wa chai na kijiko huitwa fukusa: mraba wa hariri wenye upana wa takribani sentimita 28, wa rangi moja tupu. Katika nyumba ya Urasenke, wanaume hutumia cha zambarau, na wanawake kwa kawaida chekundu. Mwenyeji hukikunja mbele ya wageni kwa mwendo uliojifunzwa miaka mingi. Vyombo vilikwisha kusafishwa jikoni, kwa hiyo tendo hilo ni la kuwaonyesha wageni kwamba wamestahili usafi.

Urembo huanza kujitokeza katika kitambaa kingine kidogo, kobukusa, ambacho huwekwa chini ya bakuli la chai nzito ili mgeni alipokee bila kuligusa kwa mikono mitupu. Hiki hutengenezwa kwa kitambaa chenye nakshi zilizofumwa, mara nyingi kwa zari. Chombo cha kauri kinachohifadhi unga wa chai nzito nacho huvikwa kifuko cha kitambaa bora, kiitwacho shifuku. Wageni huomba ruhusa ya kukitazama kifuko hicho, huulizia jina la kitambaa chake, na mwenyeji hujibu kama anayetaja nasaba ya mtu.

Darizi yenyewe hukutwa zaidi katika mkoba mwembamba ambamo mgeni hubeba vifaa vyake vya chai, katika mavazi na mishipi ya kimono, na katika kitambaa kikubwa cha kufunikia zawadi. Hiki cha mwisho kilifikia kilele chake katika enzi ya Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868. Zawadi iliwekwa juu ya sinia la mbao lililopakwa vanishi, kisha ikafunikwa kwa mraba wa hariri uliodariziwa korongo, misonobari au mawimbi, kulingana na sherehe. Mpokeaji alikitazama kitambaa, akakisifu, akaichukua zawadi, kisha akakirudisha kitambaa na sinia kwa mwenyewe.

Jambo hilo lastahili kuzingatiwa. Kazi ya sindano iliyogharimu miezi haikutolewa zawadi. Ilipelekwa ili ionwe, kisha ikarudi nyumbani ikisubiri sherehe nyingine. Thamani yake ilikuwa katika safari ile ya kwenda na kurudi.

Sindano na hariri

Darizi iliingia Japani pamoja na dini ya Kibudha kutoka bara la Asia, katika karne ya 6. Kipande cha kale kilichosalia, kinachohifadhiwa katika hekalu la Chuguji karibu na Nara, kilidariziwa kwa kumbukumbu ya Mwanamfalme Shotoku, aliyefariki mwaka 622.

Fundi hukaza kitambaa katika fremu ya mbao iliyoegemezwa juu ya vigogo viwili, ili mikono yote miwili iwe huru: mmoja juu ya kitambaa, mwingine chini yake. Hariri anayotumia haijasokotwa. Yeye mwenyewe huisokota kwa viganja, akiamua unene na ulegevu wa kila uzi kulingana na ua au jani analotaka. Hariri iliyoachwa bila kusokotwa hushika mwanga, na rangi moja huonekana kama mbili pale mishono inapobadili mwelekeo. Uzi wa dhahabu haupitishwi ndani ya kitambaa, kwa kuwa ungechubuka. Hulazwa juu yake, kisha hufungwa kwa mishono midogo ya uzi mwembamba.

Ipo pia kazi ya sindano ambayo haikutoka katika nyumba za wakubwa. Wakulima wa kaskazini walipokatazwa kuvaa nguo za pamba, waliyashona mavazi yao ya katani kwa nyuzi nyeupe za pamba, safu juu ya safu, ili upepo wa baridi usipenye. Mishono hiyo ilizaa nakshi za kijiometri ziitwazo kogin. Mahali pengine wake wa wakulima na wavuvi waliunganisha vitambaa chakavu kwa mishono midogo iliyonyooka, sashiko, wakageuza kiraka kuwa urembo. Leo mishono hiyo hupamba foronya za mito, mapazia ya milangoni na vitambaa vya meza, na kwa mnunuzi wa ng'ambo ndiyo sura ya Japani nyumbani kwake. Mishipi ya kimono iliyotumika nayo hukatwa na kutandikwa juu ya meza ndefu. Kilichozaliwa na uhitaji, au kilichokwisha kazi yake ya kwanza, kimepewa kazi ya pili.

Bahari moja, vitambaa vilevile

Mambo haya si mageni kwetu kama yanavyoonekana. Miongoni mwa vitambaa ambavyo watu wa chai wa Japani walivithamini hata kuvishonea vifuko vya vyombo vyao, vimo vile vya pamba kutoka India, vilivyotiwa nakshi kwa rangi, walivyoviita sarasa. Vitambaa vya pamba vya India vilifika pia katika bandari za Waswahili, ambako vilibadilishwa kwa dhahabu na pembe za ndovu. Lugha yetu ingali inabeba alama za biashara hiyo: neno tarizi lina asili ya Kiarabu, na zari lina asili ya Kiajemi. Baadaye njia hiyo ilitumika kwa bidhaa za Japani yenyewe. Katika miaka ya 1950 na 1960, kanga nyingi zilizovaliwa Afrika Mashariki, zikiwa na misemo ya Kiswahili, zilichapishwa katika viwanda vya Kijapani.

Adabu ya kufunika zawadi nayo tunayo. Pwani, chakula kinachopelekwa kwa jirani hufunikwa kwa kawa iliyosukwa kwa ukindu, na sahani hairudishwi tupu. Wajapani wanayo desturi kama hiyo: anayerudisha chombo cha zawadi hutia kitu kidogo ndani yake. Hapa Rwanda, kikapu cha agaseke chenye kifuniko kilichochongoka ndicho kibebacho zawadi katika sherehe za harusi, na heshima yake imekifikisha katika nembo ya taifa. Kifuniko hicho husema jambo lilelile linalosemwa na hariri ya Kyoto: kilichomo ndani ni cha mpokeaji, si cha macho ya barabarani.

Kwa upande wa sindano, Waislamu wa Kamembe wanaovaa kofia za kushonwa kwa mkono siku ya Ijumaa wamebeba kichwani darizi ya hali ya juu. Kofia za namna hiyo, zinazojulikana Zanzibar, Lamu na Komoro, hudariziwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, zikiwa na vitundu vidogo vilivyozungushiwa mishono mmoja baada ya mwingine. Nayo ni darizi iliyodumu kwa sababu ina kazi. Haitundikwi ukutani. Huvaliwa, hufuliwa, hutiwa wanga, na huvaliwa tena.

Ushindani wa mashine na mitumba

Tatizo la fundi wa leo ni la hesabu. Tuchukue mfano wa mama wa Nyakarenzo anayedarizi kitambaa cha meza kwa majuma mawili, akiiba saa baina ya shamba na jiko. Mashine inayoongozwa na kompyuta hutoa vitambaa vinavyofanana na hicho kwa muda mfupi mno. Vikipangwa bega kwa bega sokoni Kamembe, au ng'ambo ya mto Ruzizi mjini Bukavu, mnunuzi huona maua mawili yanayofanana na bei mbili zisizofanana. Akichagua rahisi, hawezi kulaumiwa, kwa kuwa hakuna aliyemweleza tofauti.

Serikali ya Rwanda ilijaribu kuwalinda washonaji kwa njia ya kodi. Mwaka 2016, ushuru wa nguo za mitumba, zinazojulikana hapa kama caguwa, ulipandishwa kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 za Marekani kwa kilo. Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kusimamisha msamaha wa ushuru iliokuwa ikiupa mavazi kutoka Rwanda. Hatua kama hizo hugusa nguo za kuvaa. Kitambaa cha meza kilichodariziwa kwa mkono hakina ushuru wa kukikinga. Kinahitaji mnunuzi anayejua anachonunua.

Japani nayo haikuepuka hali hiyo. Kimono haivaliwi tena kila siku, soko la mavazi hayo limepungua sana, na mafundi wengi wa darizi wamezeeka bila warithi. Nchi hiyo ilitunga sheria mwaka 1974 ya kuendeleza kazi za mikono za jadi, na darizi ya Kyoto ikatambuliwa rasmi chini yake mwaka 1976. Masharti ya utambuzi huo yanafundisha. Bidhaa lazima iwe ya kutumika hasa katika maisha ya kila siku. Sehemu kuu ya utengenezaji wake ifanywe kwa mkono. Ufundi na malighafi yake viwe vya jadi, yaani vilivyotumika kwa takribani miaka 100 au zaidi. Tena kuwe na idadi ya kutosha ya watengenezaji katika eneo moja. Sharti la kwanza linahusu matumizi. Uzuri haukutajwa kama sharti.

Hapa nchini, mfano ulio karibu ni wa Rutongo, kaskazini mwa Kigali, ambako wanawake wa karakana ya Savane Rutongo-Kabuye hudarizi kwa mkono picha za maisha ya Rwanda: milima, masoko, wachezaji wa ngoma, wanyama. Kazi zao zimeonyeshwa nchini Marekani katika maonyesho yaliyopewa jina la Pax Rwanda. Wao wamechagua njia ya picha ya ukutani, inayotazamwa kama mchoro na kuuzwa kwa jina la mahali ilikotoka. Njia hiyo imefungua milango, lakini si kila mwenye sindano anaweza kuifuata, wala kila nyumba haina ukuta wa kutundikia.

Namna ya kuitambua kazi ya mkono

Mnunuzi anayetaka kujua anacholipia ageuze kitambaa. Upande wa nyuma ndio shahidi. Darizi ya mashine kwa kawaida huonyesha uzi wa chini, mara nyingi mweupe, uliopita sawasawa chini ya rangi zote. Darizi ya mkono huonyesha rangi ileile ya mbele, pamoja na mahali fundi alipoanzia na alipomalizia uzi. Kisha atazame ua moja na jingine. Mashine hurudia bila kukosea hata nukta. Mkono hutofautiana kidogo, jani moja likiinama zaidi ya mwenzake. Mwisho, atazame kitambaa chenyewe: uzi mzuri juu ya kitambaa duni hautadumu, na fundi makini hawezi kutumia majuma mawili juu ya kitambaa kitakachopasuka katika ufuaji wa tatu.

Tahadhari hiyo inafaa pia kwa bidhaa zinazouzwa kama darizi za Kijapani za chai. Kitambaa kilichojaa maua na dhahabu kinaweza kuwa kizuri mezani, lakini msomaji sasa anajua kwamba fukusa ya kusafishia vyombo ni ya rangi moja tupu, na kwamba nakshi za kobukusa kwa kawaida hufumwa, hazidariziwi.

Swali la mwisho

Je, fundi wa Nyakarenzo aige korongo na misonobari ya Kyoto? Hapana sababu. Korongo wa Kijapani humaanisha maisha marefu kwa sababu Wajapani wamekubaliana hivyo kwa karne nyingi. Katika milima ya Rusizi, tawi la mchai, mtumbwi wa Kivu au kifuniko cha agaseke vina maana zao ambazo mwenyeji anaweza kumweleza mgeni bila kubahatisha.

Kinachofaa kuazimwa ni namna ya kufikiri. Wajapani hawakumwuliza fundi tu kama kitambaa chake kinapendeza. Walimwuliza kinafanya kazi gani kati ya mwenyeji na mgeni: kinapangusa, kinapokea bakuli, kinavika chombo, au kinafunika zawadi. Kitambaa chenye jibu hupata jina, na chenye jina huweza kuulizwa, kusifiwa na kulipiwa. Fundi anayeshona kifuniko cha sinia la harusi kinachorudi nyumbani na kutumika kwa binti wa pili na wa tatu, hauzi maua. Anauza kitu ambacho familia itakitaja kila sherehe ikifika.

Wahenga wa Kiswahili walisema, funika kombe mwanaharamu apite. Katika chai ya Japani, na katika adabu zetu wenyewe, kufunika kuna maana iliyo pana kuliko kuficha. Ni kumwambia mgeni kwamba alitarajiwa, na kwamba kuna mtu aliyeketi majuma mawili na sindano kabla yeye hajabisha hodi. Mwenyeji wa Nyakarenzo anapokinyoosha kitambaa chake mezani, hilo ndilo analolisema. Kinachobaki ni kwamba sisi tunaonunua tuanze kulisikia, na kulilipia.